Kabla ya Kutupa Sufuria, Pima Chuma Mwilini

Agosti 2025 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu baadhi ya vyombo vya kupikia vilivyoagizwa kutoka nje, hasa vya aloi za alumini, kwamba vinaweza kuachia madini ya risasi kwenye chakula. Onyo lile lilihusu risasi. Lilipofika kwenye makundi ya WhatsApp ya Nairobi, kupitia kwa shangazi, kwa mchungaji na kwa muuzaji wa vyombo vya bei ghali, risasi ilikuwa imeshadondoka njiani na kilichobaki ni ujumbe mfupi: alumini ni sumu, inaingia kwenye ubongo, tupa sufuria zako leo. Upande wa pili haukukawia kujibu kwamba huo ni upuuzi wa watu wenye pesa, maana Kenya nzima hupikia sufuria na bado tunaishi. Pande zote mbili zinakikodolea macho chombo. Hoja yangu ni kwamba alumini inayoishia mwilini haiamuliwi na chombo peke yake. Huamuliwa pia na mlaji, hasa kiwango cha chuma katika damu yake na uzima wa figo zake. Ukishalikubali hilo, mjadala wa sufuria unabadilika: wa kuangaliwa kwanza ni mtu ambaye akiba yake ya chuma imekauka, na madini yanayomtishia zaidi huenda yasiwe alumini kamwe.

Tuanze na alumini yenyewe. Hakuna metali iliyo nyingi kuizidi katika gamba la dunia. Ni karibu asilimia 8 ya uzito wa gamba hilo, ikitanguliwa na oksijeni na silikoni tu. Kwa hiyo imo kwenye udongo, kwenye mboga, kwenye majani ya chai na kwenye maji ya mfereji, ambayo husafishwa kwa shabu katika mitambo kama ule wa Ng'ethu unaolisha Nairobi. Mwili hauna kazi nayo hata moja. Mtu mzima mwenye afya hubeba gramu 3 hadi 4 za chuma, lakini alumini aliyo nayo ni kama miligramu 30 hadi 50 tu, ijapokuwa anaimeza kila siku ya maisha yake. Sababu ni kwamba utumbo huikataa. Katika kila sehemu elfu moja za alumini zinazoliwa kwenye chakula, inayovuka kuingia kwenye damu ni sehemu moja hivi. Ya kwenye maji ya kunywa hufika sehemu tatu. Kisha figo huiondoa karibu yote iliyovuka, zaidi ya asilimia 95 ya ile inayotolewa ikipitia kwenye mkojo. Mtu anayekula miligramu 10 kwa siku, kiasi cha kawaida kabisa, ataingiza kwenye damu mikrogramu 10 hivi. Kamati ya pamoja ya wataalamu ya FAO na WHO iliweka kikomo mwaka 2011 kuwa miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa wiki, yaani miligramu 120 kwa wiki kwa mtu wa kilo 60.

Sufuria huchangia, hakuna ubishi. Alumini ikikutana na hewa hujivika utando mwembamba wa oksidi unaoilinda, na utando huo una maadui wawili jikoni. Wa kwanza ni asidi: nyanya, ukwaju, ndimu, siki. Wa pili hatajwi sana, nao ni magadi. Wanaochemsha mboga za kienyeji au maharagwe kwa magadi wanajua jinsi sufuria inavyogeuka rangi. Kusugua kwa stilwulu kila siku hadi sufuria ing'ae huondoa utando uleule. Lakini kati ya ugali uliosongwa kwa dakika kumi na mchuzi wa nyanya uliolala ndani ya sufuria usiku kucha pana tofauti kubwa, na ujumbe wa WhatsApp hauitofautishi.

Sasa chuma. Ayoni ya alumini, yaani atomu yake yenye chaji ya umeme, na ayoni ya chuma yenye chaji tatu zinalingana kwa chaji na kukaribiana kwa ukubwa. Mwili umejenga mfumo mzima wa kukitafuta chuma, kukisafirisha na kukitunza, kwa kuwa bila chuma hakuna himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, na alumini hudandia mfumo huohuo. Katika damu chuma hubebwa na protini iitwayo transferini. Ichukulie kuwa ni bodaboda yenye nafasi mbili za abiria. Kwa mtu mwenye afya ni takriban asilimia 30 tu ya nafasi zote zilizokaliwa na chuma. Nyingine ziko wazi, na karibu asilimia 90 ya alumini iliyomo kwenye damu hukutwa imepanda hapo. Chuma hushikamana na transferini kwa nguvu zaidi ya mara milioni kumi kuliko alumini, kwa hiyo palipo na chuma cha kutosha, chuma hukaa kwanza. Mtu akipungukiwa, mambo mawili hutokea pamoja. Ini huzalisha transferini zaidi, na nafasi zilizokaliwa hushuka chini ya asilimia 16. Nazo seli zenye njaa ya chuma huongeza vipokezi vya transferini, yaani milango ya kuipokea, kwenye utando wao. Vipokezi hivyo hupendelea transferini iliyobeba chuma, lakini havimfungii mlango kabisa abiria mwingine. Kinyume chake, mtu aliyejaa chuma huwa na nafasi chache wazi, alumini hulazimika kushikamana na molekuli ndogo kama sitrati, ile inayotokana na asidi ya ndimu, na molekuli hizo huchujwa na figo kwa urahisi zaidi.

Haya hayakugunduliwa jikoni. Yaligunduliwa kwenye wodi za kusafisha damu. Mwaka 1972 daktari Allen Alfrey na wenzake wa Denver, Marekani, walieleza ugonjwa wa ajabu kwa wagonjwa wa figo: ulimi unakuwa mzito, mikono inaruka, akili inapotea, kisha kifo. Mwaka 1976 walionyesha kwamba ubongo wa wagonjwa hao ulikuwa na alumini nyingi. Vyanzo vilikuwa viwili. Kikao kimoja cha kusafisha damu hutumia maji lita 120 hivi, na maji hayo hukutana na damu yakitenganishwa na utando mwembamba tu, bila utumbo wa kuyakagua. Isitoshe, wagonjwa walipewa haidroksidi ya alumini kama dawa ya kuzuia fosfati ya chakula isiingie kwenye damu. Ndiyo maana leo maji ya mashine ya figo hayaruhusiwi kuzidi mikrogramu 10 za alumini kwa lita, ilhali ya kunywa yanaruhusiwa kufika mikrogramu 200 kutoka mitambo midogo. Madaktari waliona pia kwamba wagonjwa hao walikuwa na upungufu wa damu wenye chembe ndogondogo, sawasawa na wa mtu aliyekosa chuma, ingawa chuma walikuwa nacho. Alumini ilikuwa inavuruga utengenezaji wa damu wenyewe. Na dawa iliyokuja kutumika kuiondoa, desferioksamini, ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya watu waliozidiwa na chuma. Dawa moja hukamata metali zote mbili; hilo peke yake linaeleza mengi kuhusu undugu wao.

Baadaye watafiti wa Oviedo, Uhispania, wakiongozwa na Jorge Cannata, waliuliza swali la moja kwa moja: je, chuma mwilini hubadilisha kiasi cha alumini kinachofyonzwa? Katika kazi waliyochapisha 1991, panya wa maabara waliokosa chuma walifyonza alumini zaidi, na waliozidishiwa chuma walifyonza kidogo. Kwa wagonjwa wa figo waliokuwa wakimeza haidroksidi ya alumini, wenye feritini ndogo, yaani akiba ndogo ya chuma, walielekea kuwa na alumini nyingi kwenye damu. Mwelekeo ulikuwa uleule kwa wanyama, kwa seli na kwa wagonjwa.

Hata hivyo hoja hii ina wapinzani wenye akili, na ni afadhali kuwasikiliza kabla ya kuwasikiliza wapiga kelele. Pingamizi la kwanza ni la hesabu. Hata mtu mwenye chuma tele ana nafasi wazi kwenye transferini zinazozidi alumini iliyomo kwenye damu yake kwa zaidi ya mara mia moja. Ikiwa bodaboda tupu zimejaa stendi na abiria ni mmoja, kuongeza bodaboda nyingine hakumfanyi asafiri haraka zaidi. Pingamizi hili nalikubali kwa sehemu kubwa. Linaonyesha kwamba maelezo yanayopendwa sana, ya nafasi tupu, hayatoshi. Kazi kubwa zaidi lazima ifanywe na utumbo na vile vipokezi vya seli. Lakini utumbo nao una fumbo lake. Kisafirishaji kikuu cha chuma kutoka utumboni, kiitwacho DMT1, hubeba chuma chenye chaji mbili, ilhali alumini haina hali nyingine ila ya chaji tatu. Kwa hiyo njia yake ya kuvukia bado inabishaniwa, na sehemu yake huenda inapenya katikati ya seli, hasa ikisindikizwa na sitrati. Pingamizi la pili ni kwamba alumini yenyewe huleta upungufu wa damu. Ukimkuta mgonjwa mwenye damu kidogo na alumini nyingi, hujui lipi lilitangulia. La tatu ni kwamba panya na wagonjwa wa figo si mama mwenye figo nzima anayeishi Kayole.

Nikiyapima yote, naona mwelekeo ni wa kweli ila ukubwa wake kwa mtu mwenye figo nzima ni mdogo. Chukua ile hesabu ya mikrogramu 10 kwa siku. Tuseme kukosa chuma kunaifanya mara mbili: 20. Figo nzima zinaimudu. Tatizo linakua pale mambo yanaporundikana kwa mtu mmoja: chuma kidogo, alumini nyingi inayoingia, asidi ya kuisindikiza, na figo zilizochoka au ambazo hazijakomaa, kama za mtoto mchanga. Na ni hapo ambapo Nairobi ina mazungumzo yake mahususi, ambayo hayaanzi na sufuria.

Utafiti wa kitaifa wa virutubisho wa mwaka 2011 ulikuta upungufu wa damu kwa takriban asilimia 42 ya wajawazito wa Kenya na asilimia 26 ya watoto walio chini ya miaka mitano. Si wote waliokosa chuma. Malaria, minyoo na selimundu nazo zimo. Lakini wajawazito ndio hasa ninaowafikiria ninaposema mambo yanarundikana. Pita sokoni Gikomba, Kangemi au Kawangware utaona odowa, yale mawe laini ya udongo, yakiuzwa kwa vipimo vidogovidogo karibu na nyanya na vitunguu. Hamu ya kula udongo na upungufu wa chuma huandamana. Utafiti uliofanywa kwa wajawazito wa Kilifi na kuchapishwa 1998 ulikuta zaidi ya nusu yao wakila udongo mara kwa mara, na waliokula walikuwa na akiba ndogo zaidi ya chuma. Udongo wa mfinyanzi ni nini? Kikemia ni alumini na silikoni zilizofungamana na oksijeni. Kwa gramu, mwanamke anayetafuna odowa kila siku anameza alumini nyingi kuliko sufuria yoyote ya mama yake ingeweza kumpa. Bahati nzuri alumini hiyo imefungwa vizuri ndani ya silikati na asidi ya tumbo hufungua sehemu ndogo tu. Bahati mbaya, udongo huohuo hunasa chuma cha chakula na kutoka nacho. Kwa hiyo hasara kubwa ya odowa haipo kwenye kile inacholeta, bali kwenye kile inachonyima. Sina haja ya kumcheka anayeila. Mwili wake unaitafuta njia, umekosea tu duka.

Mjamzito huyohuyo ana kiungulia. Ananunua dawa ya kiungulia bila cheti, na nyingi kati ya dawa hizo zina haidroksidi ya alumini. Kidonge chenye miligramu 250 za haidroksidi hiyo kina takriban miligramu 86 za alumini tupu. Vinne kwa siku vinafika karibu miligramu 344, karibu mara tatu ya kikomo cha wiki nzima kwa mtu wa kilo 60. Kikomo hicho ni cha chakula, hakihusu dawa, na haidroksidi haifyonzwi kirahisi. Matumizi ya siku chache hayamtishi mtu mwenye figo nzima. Lakini akimezea kwa maji ya machungwa au ndimu, sitrati huongeza ufyonzaji mara kadhaa. Na wakati huohuo dawa hiyo inapunguza asidi ambayo chuma kinaihitaji ili kifyonzwe. Dada yangu alipokuwa mjamzito, zahanati fulani ilimpa vidonge vya kawaida vya kliniki, vyenye miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za foliki, na duka la dawa la jirani likamuuzia dawa ya kiungulia. Alivimeza pamoja kila jioni kwa chai. Hakuna aliyemwambia avitenganishe kwa saa mbili. Kila kimoja kilikuwa sahihi peke yake, na vyote pamoja vilikuwa vinabatilishana.

Chai, ndiyo. Mchai ni miongoni mwa mimea michache inayokusanya alumini kutoka udongo wenye asidi, na udongo wa Kericho au Limuru ni wa aina hiyo. Lita moja ya chai huwa na kati ya miligramu 1 na 6 hivi za alumini, zaidi sana kuliko kahawa. Katika nyumba nyingi za Nairobi chai pengine ndiyo chanzo cha kila siku kinachoweza kushindana na sufuria inayoichemsha. Tena polifenoli za chai hukata ufyonzaji wa chuma cha mimea kwa zaidi ya nusu ikinywewa pamoja na mlo, na maziwa hayaondoi athari hiyo. Kikombe kimoja, kazi mbili. Sijasikia mtu akituma ujumbe wa kutupa majani ya chai, wala sitaki utumwe. Kusubiri saa moja au mbili baada ya githeri kunatosha.

Turudi kwa wapiga kelele. Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya wazee wetu: walipikia sufuria miaka yote na wakafika tisini. Kwanza, wazee wa wazee hao walipikia chungu. Pili, hoja hiyo huhesabu waliofika tisini tu. Aliyekufa kwa figo mwaka 1985 hakuja kutoa ushuhuda, na hakuna aliyempima alumini wala feritini. Tatu, na hili ndilo kubwa, kwamba mtu mmoja hakudhurika hakukuambii lolote kuhusu mwingine mwenye damu tofauti, ikiwa kweli athari inategemea damu hiyo. Hoja ya watupa-sufuria, ya ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kupoteza kumbukumbu, ina umbo la kisayansi zaidi lakini haisimami imara. Ilianzia kwenye majaribio ya 1965, ambapo sungura waliodungwa chumvi za alumini kwenye ubongo walipata mafundo ndani ya neva. Mafundo hayo yalikuja kuonekana kuwa ya aina tofauti na ya wagonjwa wa Alzheimer, na tangu hapo tafiti za watu zimekuwa zikipingana. Ule ugonjwa wa wagonjwa wa Denver ni halisi, lakini si Alzheimer, na haukutoka kwenye sufuria.

Kuna hoja ya tatu ambayo naitarajia kutoka kwa msomaji aliyenifuata hadi hapa: basi tununue vidonge vya chuma tuifukuze alumini. Tafadhali, hapana. Chuma kikizidi hakitolewi mwilini kirahisi, na mahali penye malaria kinaweza kuua. Jaribio kubwa lililofanywa Pemba na kuchapishwa 2006 liliwapa maelfu ya watoto wadogo chuma na foliki bila kuwapima kwanza. Hatari ya kulazwa kwa ugonjwa mkali au kufa ilipanda kwa asilimia 12, na sehemu hiyo ya jaribio ikasimamishwa. Walakini, katika kundi dogo lililopimwa kwanza, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma pamoja na upungufu wa damu walinufaika. Kidonge kilekile, matokeo mawili, na kilichoyatenganisha ni hali ya mwili uliokipokea. Hilo ndilo ninalolisema kuhusu alumini pia.

Hoja ya upande wa watupa-sufuria ambayo siwezi kuipuuza ni utafiti uliochapishwa 2017, uliopima vyombo 42 vya alumini vilivyotengenezwa na mafundi katika nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo. Vilichemshiwa asidi ya siki iliyozimuliwa kwa saa mbili. Alumini iliyotoka ilikadiriwa kwa wastani kuwa miligramu 125 kwa mlo mmoja. Saa mbili za siki ni mateso ambayo mchuzi wa kawaida hauyafikii, lakini hata ukigawanya kwa nne bado umevuka kile kikomo cha wiki kikigawanywa kwa siku saba. Kwa hiyo sisemi vyombo vyote havina hatia. Sufuria ya kiwandani iliyokunjwa kutokana na bati safi la alumini ni kitu kimoja. Chungu kizito kilichomiminwa kwenye kalibu ya mchanga kutokana na pistoni, rejeta na vipande vya kompyuta ni kingine. Na katika vyombo hivyo 42, thuluthi moja ilitoa kiasi kikubwa cha risasi.

Hapo ndipo onyo la asili linaporudi, na ndipo chuma kinapokuwa na maana kubwa zaidi. Risasi, tofauti na alumini, ina chaji mbili na hupitia kwenye kile kisafirishaji DMT1 cha chuma. Mtoto aliyekosa chuma huongeza visafirishaji hivyo utumboni ili asikose hata chembe, na risasi hupita navyo. Uhusiano huu haujaishia kwa panya: tafiti za watoto zimeonyesha mara nyingi kwamba wasio na chuma cha kutosha huwa na risasi nyingi zaidi kwenye damu. Kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, hufuata njia hiyohiyo, na wanawake wenye feritini ndogo huibeba zaidi. Risasi haina kiwango salama kwa ubongo wa mtoto; WHO ilisema 2021 kwamba mikrogramu 5 kwa desilita moja ya damu zinatosha kuanza kutafuta chanzo. Kenya haihitaji kufundishwa habari za risasi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, wamepigania fidia mahakamani kwa miaka mingi. Sumu ile ilitoka kwenye bomba la moshi na maji machafu, hii hutoka chini ya mwiko, na mwili unaoipokea ni uleule.

Kama hoja hii inashika, basi mambo kadhaa yanafuata. Kupima himoglobini peke yake kliniki hakutoshi, kwa sababu himoglobini ndiyo hushuka mwisho. Feritini huwa imeshakauka zamani. Kipimo cha feritini bado ni cha maabara zinazolipisha, na mama wa Mukuru hatakifanya kwa hiari yake. Unga wa mahindi wa pakiti umelazimishwa kuongezwa chuma tangu 2012, lakini familia zinazosagisha kwenye mashine ya mtaani hazifikiwi na sheria hiyo, na mara nyingi ndizo hizohizo zinazonunua chungu cha kumiminwa kwa kuwa kinadumu. Anayetaka kweli kubadilisha chombo ana sababu nzuri kuliko ile aliyotumiwa WhatsApp: jaribio lililofanywa Ethiopia na kuchapishwa 1999 lilikuta kwamba himoglobini ya watoto waliopikiwa kwenye vyungu vya chuma ilipanda zaidi kuliko ya waliopikiwa kwenye alumini. Faida ilitokana na chuma kilichoingia chakulani. Mgonjwa wa figo ana hali ya pekee katika haya yote: yeye asiguse dawa ya kiungulia yenye alumini bila daktari wake kujua, na chuma chake kiangaliwe kabla ya kuandikiwa chochote chenye metali hiyo.

Lililobaki ni la mafundi. Fundi wa jua kali hawezi kujua kwa macho kama rejeta anayoiyeyusha imeunganishwa kwa lehemu ya risasi, na kumtoza faini hakutamwonyesha. Vipo vifaa vya mkononi vinavyotumia eksirei kusoma madini yaliyomo kwenye chuma chakavu kwa sekunde chache, na wafanyabiashara wakubwa wa vyuma huvitumia kupangia bei. Kifaa kama hicho kikiwa kwenye yadi ya chakavu, kabla ya tanuri, chini ya kaunti au Shirika la Viwango la Kenya, kingechuja vipande vyenye risasi kabla havijawa chungu. Gharama yake isimwangukie fundi.